Kiharusi: tusinyooshe mguu tukauacha ulimi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na familia za Kanda ya Ziwa zinazomuuguza mtu aliyepata kiharusi, hasa yule ambaye upande wa kulia umelegea na maneno hayatoki. Katika nyumba nyingi za Mwanza, mgonjwa akisharuhusiwa kutoka hospitali ya Bugando au Sekou Toure, kazi ya kumnyoosha viungo huanza siku ileile. Mguu unakandwa, mkono unakunjwa na kukunjuliwa, kijana wa nyumbani anamshika kiunoni na kumtembeza uani. Hilo ni jema. Lakini habari ya kusema inaachwa ijipe yenyewe: "ataongea tu, Mungu akipenda." Na habari ya machozi na hasira inamalizwa kwa kauli moja, kwamba mzee amebadilika tabia. Hivyo miezi 3 ya kwanza, ambayo ubongo hujipanga upya kwa kasi kuliko kipindi kingine chochote, inapita bila mtu kukaa naye hata nusu saa kwa siku kumrudishia maneno.

Kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo, upande uleule unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana kulegea kulia na kukosa maneno huja pamoja mara nyingi. Hali hii ya kupotewa na lugha inaitwa afasia. Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa wa Paris aliyeelewa mengi aliyoambiwa, ila kila alipofungua kinywa lilitoka neno moja tu, "tan". Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza aina nyingine: mtu anaongea kwa kasi, sentensi zinamiminika, lakini hazishikiki, na yeye mwenyewe hashiki vizuri anachoambiwa. Aina hii ya pili ndiyo tunayoihofia zaidi huku kwetu, kwa sababu mara nyingi mkono wake hauna udhaifu wa kuonekana. Ndugu wanaona wazimu au pepo, na anapelekwa kwingine badala ya hospitali. Mtu aliyelala salama akaamka anasema maneno yasiyoeleweka, au yaliyomkuta hayo ghafla mchana, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, asisubiriwe mpaka mkono nao ulegee.

Afasia si sawa na ulimi mzito. Mwenye ulimi mzito ana maneno yote kichwani, ila midomo na ulimi vimelegea, sauti inatoka kama ya mlevi. Ukimpa kalamu anaandika sawasawa. Mwenye afasia hata kuandika kumeharibika. Kwa hiyo ule ushauri wa "mpe simu aandike ujumbe" unamwongezea aibu tu: ataishika, atabonya herufi mbili tatu, kisha ataitupa. Wala si kiziwi, asipigiwe kelele. Wala akili haijaondoka. Anawatambua wanawe, anajua nani kaja na nani hajaja, na anasikia yote yanayosemwa juu yake kitandani kwake.

Kuna jambo linalowapotosha ndugu wengi. Mjukuu anaingia, "Shikamoo babu," na babu anajibu "Marahaba" safi kabisa, mbele ya watu. Dakika moja baadaye anaulizwa jina la huyo mjukuu, anakwama. Ndugu wanasema basi anafanya kusudi. Hafanyi kusudi. Maneno tuliyoyasema maelfu ya mara tangu utotoni hutoka kwa njia tofauti na maneno ya kutunga: salamu, kuhesabu moja mpaka kumi, siku za wiki, sala, nyimbo, na hata matusi. Mzee wa kanisa au mama wa heshima akitoa tusi ambalo hajawahi kulitamka mbele ya watoto, msimkemee. Ndilo lililokuwa karibu na mlango. Na "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, inaweza kutoka kabla ya "habari za asubuhi", au kinyume chake, kwa maana kwa mtu wa lugha mbili si lazima zote mbili ziumie sawa au zirudi pamoja. Mjaribuni kwa zote anazozijua, kiwe Kisukuma, Kikerewe au Kijita, na mfuate ile inayofunguka. Kumlazimisha mama aseme Kiswahili kwa sababu muuguzi anakielewa ni kumfungia mlango uliokuwa wazi.

Maneno haya ya mazoea ndiyo pa kuanzia. Anzeni kuhesabu pamoja naye, kisha nyamazeni kwenye tano mwone kama ataendelea. Semeni "Haraka haraka haina..." mmwachie amalize. Semeni "Haba na haba hujaza..." Mkristo mwanzishieni Baba Yetu, Mwislamu mwanzishieni Fatiha. Akishamaliza misemo kwa urahisi, punguzeni msaada: "Chai naitia..." na jibu liwe sukari, "Uvuvi wa dagaa tunafanya..." na jibu liwe usiku.

Kutaja majina ya vitu kuna ngazi zake, na kosa kubwa ni kuruka ngazi. Mwonyesheni kikombe chenyewe, si picha kwenye simu. Ngojeni sekunde 10 kamili, mkihesabu kimoyomoyo; wengi hawafiki hata 3 kabla ya kumsemea. Asipopata, mwelezeni kazi yake: cha kunywea chai. Asipopata, igizeni kunywa. Kisha mwanzo wa neno. Hapa muwe waangalifu: "ki" peke yake haimsaidii, kwa sababu kijiko, kisu, kiti na kitanda vyote vinaanza hivyo, na atakamata lolote kati yake. Mpeni "kiko..." Mwisho kabisa ndipo mnalitamka zima naye arudie, na baada ya dakika chache mnamwuliza tena. Maneno yawe ya maisha yake. Mvuvi aanze na wavu, kasia, injini, sangara, mafuta. Mama wa soko la Kirumba aanze na dagaa, gunia, bei, chenji, na majina ya wanawe. Maneno 10 kwa wiki yanatosha. Vitabu vya darasa la kwanza viacheni, vinamdhalilisha mtu mzima.

Anayeelewa vizuri lakini hatoi neno, mwimbieni. Njia hii ilitengenezwa Boston, Marekani, na kuandikwa mwaka 1973, na Kiswahili kinaikubali vizuri sana, kwa sababu silabi zetu huishia kwa irabu na mkazo unajulikana ulipo. Mshikeni mkono wa kushoto, mgonge naye mezani mara moja kwa kila silabi: na-ta-ka ma-ji. Tumieni sauti mbili tu, ya chini na ya juu, ya juu iangukie penye mkazo. Kwanza vumeni tu bila maneno. Kisha imbeni pamoja. Kisha ninyi mnyamaze katikati yeye amalizie. Kisha aimbe peke yake. Kisha mumwulize "Unataka nini?" ajibu kwa wimbo uleule, na siku zinavyokwenda wimbo upunguzwe mpaka ubaki usemi wa kawaida. Anzeni na maneno ya silabi mbili au tatu. Kwa yule anayemiminika maneno bila kuelewa, njia hii haifai. Huyo anahitaji kwanza kusaidiwa kusikiliza: redio izimwe, sentensi fupi, uso kwa uso, na kitu mnachokizungumzia kiwe mkononi.

Kila zoezi lisizidi dakika 15, mara tatu au nne kwa siku, na la asubuhi ndilo bora. Uchovu baada ya kiharusi si uvivu, na mtu aliyechoka hupoteza hata maneno aliyoyapata jana. Nyumba iliyojaa wageni wa kumjulia hali ndiyo darasa baya kuliko yote. Waingie wawili wawili.

"Ndiyo" na "hapana" zinahitaji aya yake. Mwenye afasia anaweza kusema "ndiyo" akimaanisha "hapana", bila kujua. Kabla ya kumwamini kwa jambo kubwa, mjaribuni kwa maswali ambayo jibu lake mnalijua: "Tuko Bukoba?" "Tuko Mwanza?" Akikosea, acheni maneno mtumie dole gumba, au kadi mbili, moja ina alama ya vema na nyingine ina alama ya kosa (X). Na maswali ya kukanusha myaache kabisa. Ukimwuliza mama "Hujala?" akajibu "ndiyo", amekubali kwamba hajala, lakini msikilizaji mwingine ataondoka anajua kwamba amekula. Mtu mzima wa afya angeongeza, "ndiyo, sijala bado." Mgonjwa hana la kuongeza, na atashinda na njaa. Mwulizeni "Umekula?" "Kichwa kinauma?" Swali moja, jambo moja. Vilevile msishikilie silabi ya mwanzo ya kitenzi: "ameumia" huweza kuwa "nimeumia". Mwambieni aonyeshe kwa mkono ni nani.

Ubao wa picha unatengenezwa nyumbani kwa kipande cha boksi. Bandikeni picha 8 mpaka 10, zisizidi: maji, chakula, choo, dawa, maumivu, kulala, nje, na sura za watu wa nyumbani zilizopigwa kwa simu na kuchapishwa stationery. Baadhi ya waliolegea kulia hawaoni vizuri upande wa kulia, hivyo ubao ukae kushoto kwao. Na muutumie ninyi kwanza. Mnapomwambia "twende nje", gusa picha ya nje. Akiona wenye maneno wanautumia, hataona ni ubao wa bubu.

Kumeza tutakusema kwa ufupi, ingawa ndiko kunakoua mapema. Ulimi uleule usiosema huenda haumezi. Akikohoa anapokunywa, au sauti ikiwa na majimaji baada ya kumeza, chakula kinaingia kwenye njia ya hewa na nimonia iko karibu, arudishwe kupimwa. Akae wima kabisa, kijiko cha chai kimoja kimoja, amalize kumeza ndipo kifuate kingine, abaki amekaa dakika 30 baada ya kula. Maji na chai huponyoka kirahisi kuliko uji mzito. Michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), ugali mkavu wa muhogo na dagaa wenye miiba viwekwe kando mpaka kumeza kuwe imara; mnofu wa sangara uliopondwa unafaa. Kayabo, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, aondoke kabisa, kwa ajili ya presha.

Sasa moyo. Takriban mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Si kwa sababu ya huzuni ya kupoteza kazi peke yake. Ubongo wenyewe umejeruhiwa. Asiye na maneno hatasema "nimekata tamaa". Mtaona kwa vitendo: anageukia ukutani, anakataa chakula alichokipenda, anaamka saa 9 usiku na halali tena, anaacha mazoezi aliyokuwa akiyaweza, hamwangalii hata mjukuu. Hali hiyo ikidumu wiki 2 ni ugonjwa, unatibika, na ukiachwa unazuia kupona kwa mguu na kwa maneno pia. Kumwuliza mtu kama amefikiria kufa hakumpi wazo hilo. Kunampa njia ya kulitoa. Dawa za kupulizia pamba na sumu ya panya zisikae nyumba anayolala.

Kuna kilio kingine ambacho si sonona. Mgeni anaingia, mzee anaangua kilio. Au msibani anacheka. Dakika moja au mbili, kisha kimya, kama hakuna kilichotokea. Huo ni mlango wa hisia uliolegea bawaba: kidogo kinausukuma, na mwenyewe hana uwezo wa kuufunga. Anaona aibu kubwa, na ndiyo maana wengi wanakataa kwenda kanisani, msikitini au vikaoni. Msimzunguke mkimwuliza "Unalia nini?" Maswali hayo yanakirefusha. Ngojeni, mpeni maji kama anameza salama, badilisheni mada, mwambieni avute pumzi taratibu na abadili mkao. Na mwelezeni mgeni mlangoni, kabla hajaingia, kwamba akilia haina maana ana uchungu naye.

Daktari anaweza kuandika dawa kwa hali zote mbili, kwa mfano fluoksetini au setralini. Huchukua wiki 2 mpaka 6 kuonyesha kazi yake, na zikianza kusaidia haziachwi siku hiyo. Amitriptilini nayo hutumika, lakini kwa wazee huleta choo kigumu, mkojo kukwama na kizunguzungu cha kuangusha. Dawa hizi ni za hisia, si za kufufua viungo: utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 3,127, ulionyesha kwamba fluoksetini ya miligramu 20 kwa miezi 6 ilipunguza sonona lakini haikuongeza uwezo wa kujitegemea, na waliovunjika mifupa waliongezeka. Asipewe kila mtu, wala asinyimwe anayeihitaji.

Hasira nayo ina saa zake. Huja mchana amechoka, au anapotafuta neno la tatu halipatikani huku watu wanamkisia ovyo. Semeni waziwazi, "Baba, tunajua unajua unachotaka kusema; neno ndilo limekataa. Tupumzike, tutarudi." Kisha mrudi kweli. Aliyeumia upande wa kulia wa ubongo, ambaye mkono wake wa kushoto ndio uliolegea, ana shida tofauti: anaongea vizuri, lakini sauti haina rangi, hasomi sura za watu, anaacha ugali wa upande wa kushoto wa sahani, na anaweza kuapa kwamba mkono wake mzima. Mke wake anasema hajali tena. Si kutojali, na ndoa nyingi zingeokoka kama mtu angemweleza hivyo mapema.

Mwanza yenyewe inaongeza uzito. Nyumba za Mabatini, Igogo na Bugarika zimepanda juu ya mawe. Mtu aliyelegea mguu hashuki bila kubebwa na vijana wawili, basi anashinda ndani mwaka mzima akitazama mlango. Lugha hairudi bila watu wa kusema nao. Marafiki zake wa zamani wapangiwe siku, mmoja mmoja, wapande wao, wakae naye dakika 20 wakicheza bao au karata, ambazo hazihitaji maneno mengi.

Mtu asidanganywe kwamba baada ya miezi 6 mlango umefungwa. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walitangaza matokeo ya watu 156 waliokaa na afasia zaidi ya miezi 6: waliofanyishwa mazoezi ya usemi saa 10 au zaidi kwa wiki, kwa wiki 3 au zaidi, waliongea vizuri zaidi kuliko walioachwa wangoje. Kinachorudisha maneno ni wingi wa mazoezi. Na kiharusi si cha wazee tu. Ukanda wetu una watoto wengi wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, nao hupata kiharusi. Mtoto huyo akirudi shuleni hasomi kama zamani na anachapwa kwa uvivu. Walimu waambiwe, na kuhusu haidroksiyurea, dawa ya selimundu, mzazi amwulize daktari wake.

Jambo la fedha hatuwezi kulipita. Afasia hula namba pia, na namba ya siri ya simu ndiyo huenda mapema. Mtoto anayeikumbuka anageuka mwenye mali. Kukosa maneno hakumwondolei mtu haki ya kuamua juu ya shamba lake, mtumbwi wake au akiba yake. Maamuzi yasifanywe wiki za kwanza. Yakilazimu, yafanywe asubuhi, kwa picha na vitu halisi, mbele ya mashahidi wasio na maslahi. Swali lilelile liulizwe tena siku nyingine kwa mpangilio mwingine, na jibu lifanane. Dole gumba lililoshikwa na kukandamizwa na mtu mwingine kwenye karatasi si ridhaa.

Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache mno, na familia ya Ukerewe haiwezi kuvuka kila wiki kumfuata mmoja mjini. Lakini kiharusi si ugonjwa wa nadra kwetu: utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006, baada ya kusawazisha umri, ulikuta wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Wanaohudhuria kliniki za presha wanapimwa, wanaongezewa dawa za presha kama amlodipini au losartani, wanarudi nyumbani. Tunaomba hospitali na vituo vya afya vya Mwanza viongeze mistari 3 kwenye kadi ya kliniki: anasemaje, anamezaje, moyo wake ukoje. Dodoso la sonona la maswali 9 lipo tayari kwa Kiswahili. Kwa asiye na maneno, aulizwe anayemuuguza, na aulizwe pia yeye mwenyewe muuguzaji analalaje. Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe ngazi za kutaja vitu na jinsi ya kutengeneza ubao wa boksi. Inaweza kufundishwa kwa siku moja, na vifaa vyake ni kikombe, picha na mkasi.

Ni sisi,
Wahudumu wa mazoezi tiba na uuguzi,
Nyamagana, Mwanza